Uvimbe wa tezi adrenali uliokutwa kwa bahati: vipimo gani, kwa mpangilio gani, na lini uache kupima

Ulipigwa CT ya tumbo kwa sababu ya mawe ya figo, ajali ya bodaboda au maumivu ya mgongo. Kilichokupeleka kimepata majibu yake, lakini mstari wa mwisho wa ripoti unasema tezi adrenali ya kushoto ina kinundu cha sentimita 2.3. Hakikuumi, hukukijua, na unaambiwa tu "tutarudia picha baada ya miezi sita". Mara nyingi huo ni ushauri wa kuahirisha kazi. Uvimbe wa namna hii, ambao wataalamu huuita insidentaloma, una maswali mawili: je, una sura ya saratani? Je, unatoa homoni kupita kiasi? Yote mawili huulizwa mwanzoni, kwa pamoja, na kwa watu wengi yakishajibiwa hakuna sababu ya kurudi kwenye mashine.

Tezi adrenali ni mbili, moja juu ya kila figo, kila moja ina uzito wa gramu 4 hadi 5 tu. Ndizo zinazotengeneza kortisoli (homoni ya msongo), aldosteroni (homoni ya chumvi na presha) na adrenalini. Vinundu vyake hukutwa kwa karibu watu 3 kati ya 100 wenye umri wa miaka 50, na idadi hupanda hadi kama 10 kati ya 100 uzeeni. Vingi ni adenoma, yaani uvimbe usio saratani. Saratani inayoanzia kwenye tezi yenyewe ni adimu sana: mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni kwa mwaka. Kinundu kisichofika sentimita 1 kwa kawaida hakichunguzwi, isipokuwa mgonjwa ana dalili za homoni kuzidi. Maelekezo yaliyo hapa chini yanaendana kwa sehemu kubwa na mwongozo wa Jumuiya ya Endokrinolojia ya Ulaya wa 2016, uliohuishwa 2023.

Kwanza, tafuta namba ya HU

Ukubwa ndio unaotisha watu, lakini namba yenye thamani zaidi kwenye ripoti ni HU, yaani yuniti za Hounsfield, zinazopima jinsi kitu kinavyozuia mionzi. Maji ni 0, mafuta yako chini ya sifuri. Adenoma nyingi zina mafuta ndani ya seli zake, kwa hiyo namba yake huwa ndogo. Namba hiyo ina maana tu ikiwa imepimwa kwenye picha iliyopigwa kabla ya kuchomwa dawa ya kontrasti, inayong'arisha picha. Hapa ndipo mambo yanapoharibika mara nyingi: CT nyingi za tumbo hupigwa na kontrasti peke yake, adenoma isiyo na neno inasoma 70, na mgonjwa anaambiwa "haieleweki". Dawa ya tatizo hilo ni kurudia CT fupi ya eneo la tezi bila kontrasti. Haihitaji sindano wala kupima figo kwanza, na inamalizika kwa dakika chache.

Kwa mtaalamu wa radiolojia anayepima: tumia vipande vya milimita 3 hadi 5 au vyembamba zaidi, weka duara la kipimo lifunike kama theluthi mbili za kinundu, na ukwepe kingo, chokaa na sehemu zilizooza. Duara dogo likiwekwa pembeni huchanganya mafuta yanayozunguka tezi na kuleta namba ya chini ya uongo. Ripoti itaje kipenyo kirefu zaidi, HU, na kama kinundu kina rangi moja au madoadoa.

Ukishapata namba hizo, maamuzi ni haya.

Kinundu cha rangi moja chenye HU 10 au chini ni adenoma, hata kikiwa kikubwa. Upande wa picha umeishia hapo, hakuna kurudia. Kinundu chenye mafuta yanayoonekana kwa macho, HU ikiwa chini ya -30, ni mielolipoma, nacho si saratani.

HU 11 hadi 20, rangi moja, chini ya sentimita 4, na homoni ziko sawa: kuna nafasi kubwa kwamba ni salama. Ama ufanye picha nyingine sasa hivi ili umalize, ama urudie CT bila kontrasti baada ya miezi 12.

Zaidi ya 20, au chenye madoadoa, au kilichofika sentimita 4 huku HU yake ikizidi 10: hiki kisiamuliwe na daktari mmoja. Kinahitaji kikao cha daktari wa homoni, wa radiolojia na wa upasuaji. Kikifika sentimita 4 na kina madoadoa au HU inazidi 20, upasuaji ndio huwa uamuzi wa kawaida. Vilivyobaki hupewa picha ya ziada, na kisipoondolewa hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12.

Picha ya ziada inaweza kuwa MRI inayolinganisha ishara za mafuta na maji, inayomfaa hasa mjamzito kwa kuwa haina mionzi. Inaweza kuwa PET, picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari kwa wingi, ambayo kwetu ipo kwenye vituo vichache. Au ni CT ya kupima kasi ya kontrasti kutoka: picha kabla ya dawa, sekunde 60 hadi 75 baada ya dawa, kisha dakika 15 baadaye. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme namba ni 18, kisha 92, kisha 40. Chukua 92 utoe 40, unapata 52. Chukua 92 utoe 18, unapata 74. Gawanya 52 kwa 74: asilimia 70. Kuanzia asilimia 60 kwenda juu huelekea adenoma. Usiibebe hesabu hii kama hukumu, maana feokromositoma, uvimbe unaomwaga adrenalini, nayo huweza kutoa kontrasti kwa kasi ileile.

Ultrasaundi haifai kufuatilia vinundu hivi kwa mtu mzima. Ni ya bei nafuu, lakini haitoi HU, na vipimo vyake vya ukubwa hubadilika kwa mkono wa mpimaji.

Kortisoli: kidonge usiku, damu asubuhi

Kila mwenye kinundu cha sentimita 1 na zaidi anatakiwa afanye kipimo hiki hata kama anajisikia mzima kabisa. Wanaosamehewa ni wenye mielolipoma ya wazi, na wale ambao hali yao ya afya kwa jumla ni mbaya kiasi kwamba jibu lisingebadilisha matibabu.

Mgonjwa anameza deksamethasoni (steroidi ya kutengenezwa) miligramu 1 saa 5 usiku, kisha anatolewa damu ya kortisoli kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi inayofuata. Vidonge vya miligramu 0.5 ndivyo rahisi, unameza viwili. Vya miligramu 4 visikatwe robo kwa kukadiria. Tezi yenye afya ikiona deksamethasoni inatulia, na kortisoli inashuka hadi 50 nmol/L au chini. Maabara ikitumia maikrogramu kwa desilita, mpaka ni 1.8. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba kabla ya kushtuka: 1 kwenye mfumo huo ni sawa na 27.6 kwenye ule mwingine.

Muda uandikwe kwa namna isiyo na utata. Maelekezo ya maabara huandika 11 kwa saa ya Kizungu, mgonjwa anasoma saa 11 na kumeza dawa alfajiri, saa tatu kabla ya kutolewa damu. Mwandikie "saa tano usiku, kabla ya kulala", na asubuhi mwulize alimeza saa ngapi badala ya kumwuliza kama alimeza.

Jibu likizidi 50, usikimbilie kusema uvimbe unatoa kortisoli. Kwanza pitia dawa. Rifampisini, fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni huifanya ini ichome deksamethasoni haraka, kidonge kinaisha nguvu kabla ya asubuhi na kortisoli inaonekana juu. Efavirenzi nayo huweza kufanya hivyo. Kwa mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu, jibu la juu halina maana. Ni bora kusubiri amalize. Vidonge vya majira vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli, kwa hiyo namba inapanda bila homoni kufanya kazi zaidi. Viachwe wiki 6 huku njia nyingine ya uzazi wa mpango ikitumika. Pombe nyingi, sonona, kazi ya zamu za usiku na ugonjwa mkali vinaweza kuleta matokeo hayohayo.

Upo pia mtego wa upande wa pili: steroidi ambazo mgonjwa hajui kwamba anazo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, mkorogo wa dukani usio na lebo, sindano za magoti, dawa za "kienyeji" za maumivu au pumu zilizochanganywa na prednisoloni. Hizi huilaza tezi na kuupa mwili sura ya kortisoli iliyozidi, huku kipimo cha damu kikionyesha iko chini. Anayetumia ritonaviri pamoja na dawa ya kuvuta ya flutikasoni huweza kupatwa na hali hiyo kwa dozi ya kawaida kabisa. Uliza kwa jina: "Unapaka nini usoni?" Swali la "unatumia dawa yoyote?" hujibiwa "hapana" na mtu mwenye kopo la krimu kwenye mkoba.

Namba ikibaki juu ya 50 baada ya kurudia kwa utaratibu, pima ACTH ya asubuhi, homoni ya chini ya ubongo inayoiamrisha tezi. Ikiwa chini, tezi inajiendesha yenyewe. Kisha mwangalie mgonjwa: michubuko isiyo na sababu, michirizi ya zambarau yenye upana wa sentimita 1 na zaidi, kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishika. Mwenye dalili hizo ana ugonjwa wa Cushing (kortisoli iliyozidi mwilini) uliokomaa na anahitaji matibabu bila kuchelewa. Asiye nazo ana utoaji mdogo wa kortisoli, hali ambayo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Huyu achunguzwe presha, sukari, mafuta ya damu na mifupa. Na kwa mifupa, fungua tena CT ileile na uangalie kama kuna pingili za mgongo zilizobonyea, maana picha tayari unayo.

Metanefrini: kabla ya sindano au kisu

Metanefrini ni mabaki ya adrenalini, na hupimwa ili kutafuta feokromositoma. Kinundu chenye HU 10 au chini kwenye picha isiyo na kontrasti hakihitaji kipimo hiki. Kingine chochote kinakihitaji, hata kama mgonjwa hana presha wala maumivu ya kichwa, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio. Feokromositoma isiyojulikana ikiguswa na sindano au na daktari wa upasuaji inaweza kumwaga homoni na kuua mezani.

Kwa damu, mgonjwa alale chali dakika 20 hadi 30 kabla ya kuchomwa, awe hajala, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Damu ikitolewa mtu akiwa amekaa, namba hupanda bila ugonjwa. Sampuli iwekwe kwenye barafu na itenganishwe mapema. Kama inasafirishwa kwenda maabara ya mbali, uliza kabla ya kutoa damu ni siku gani inaondoka.

Kwa mkojo wa saa 24: ukiamka, mkojo wa kwanza umwage na uandike saa. Kuanzia hapo kusanya kila tone hadi siku ya pili saa ileile, pamoja na mkojo wa asubuhi hiyo ya pili. Chombo cha maabara mara nyingi kina asidi, kwa hiyo kojoa kwenye kopo safi kisha umimine taratibu. Kiweke mahali pa baridi, mbali na jua. Ukisahau mara moja, anza upya siku nyingine, usiwafiche maabara. Daktari aombe na kreatinini ya mkojo huohuo, ndiyo itakayofichua kama ukusanyaji haukukamilika.

Amitriptilini, levodopa na baadhi ya dawa za sonona hupandisha metanefrini. Parasetamoli huvuruga baadhi ya mashine, iachwe siku chache kabla. Ongezeko dogo juu ya kiwango mara nyingi ni dawa au maandalizi mabovu. Ongezeko la mara tatu, nne na zaidi ni jambo jingine: dawa za kuziba alfa (vipokezi vya adrenalini vinavyobana mishipa), kama doksazosini au prazosini, zianzwe siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, pamoja na maji na chumvi ya kutosha. Propranololi au atenololi isitangulie kamwe. Ikizuia beta (vipokezi vya adrenalini vya moyo) huku alfa ikiwa wazi, mishipa hubana zaidi na presha hulipuka. Metoklopramidi, inayotolewa kwa kila anayetapika, nayo huweza kuamsha mlipuko. Mgonjwa aandikiwe hilo kwenye kadi yake.

Aldosteroni na homoni za jinsia

Kipimo cha aldosteroni na renini (kemikali ya figo inayoamsha aldosteroni) ni cha mwenye presha, au mwenye potasiamu iliyoshuka bila sababu. Damu itolewe asubuhi, mgonjwa akiwa ameamka na kutembea angalau saa mbili, kisha amekaa dakika 5 hadi 15. Potasiamu ipandishwe kwanza, na asipunguze chumvi siku hizo. Akikunja ngumi mara nyingi wakati wa kutolewa damu, potasiamu hupanda kwa uongo na kuficha ugonjwa. Spironolaktoni na amiloridi huvuruga kipimo na kwa kawaida husimamishwa wiki 4. Dawa za kuzuia beta hushusha renini na kuleta chanya ya uongo. Enalaprili, losatani na dawa za kukojoza huipandisha na kuficha. Mwenye presha kali asiachishwe dawa ili kupata kipimo safi. Pima alivyo, tafsiri kwa kujua anameza nini, na ikibidi mhamishie kwenye verapamili, hidralazini au prazosini.

Aldosteroni ikithibitika, kinundu kwenye picha hakitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Chanzo kinaweza kuwa tezi ya upande wa pili inayoonekana safi, ndiyo maana damu huchukuliwa kwenye mishipa ya tezi zote mbili. Wanaoweza kuruka hatua hiyo ni vijana wa chini ya miaka 35 wenye potasiamu ya chini, aldosteroni ya juu sana na kinundu kimoja cha wazi.

Homoni za jinsia, kama DHEA-S na testosteroni, hupimwa kwa mwanamke anayeota ndevu ghafla au sauti inayokuwa nzito, kwa mwanamume anayeota matiti, au kinundu kinapokuwa na sura ya saratani.

Usikubali sindano ya kutoa kinyama kirahisi

Kwa viungo vingine biopsi ndiyo hukata mzizi wa fitina. Kwa tezi adrenali, hapana. Kipande kidogo hakitofautishi vizuri adenoma na saratani ya tezi, na kama ni saratani, sindano inaweza kuitawanya njiani. Ina nafasi kwa mtu mwenye saratani inayojulikana ya kiungo kingine, kama mapafu au titi, kinundu kikiwa hakina sura ya adenoma, metanefrini zikiwa salama, na jibu likiwa litabadilisha matibabu. Inafaa pia kutafuta maambukizi. Ukiandikiwa nje ya hapo, omba rufaa kwa daktari wa homoni kwanza.

Nani arudi, na lini

Mwenye kinundu chenye HU 10 au chini na homoni salama hana ratiba. Hakuna CT ya kila mwaka, hakuna deksamethasoni ya kila mwaka. Arudi tu kama presha au sukari inaharibika bila maelezo, au dalili mpya zinajitokeza. Mwenye utoaji mdogo wa kortisoli ambaye hajafanyiwa upasuaji aonwe mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya presha, sukari, uzito na mifupa. Kama hivyo vinazidi kuwa vibaya, upasuaji ujadiliwe. Kwake kugeuka kuwa Cushing kamili ni nadra.

Anayerudia picha alinganishe na picha zenyewe, si ripoti. Tunza CD ya kwanza, na uende nayo. Ukuaji unaohesabika ni ule unaozidi asilimia 20 ya kipenyo na pia kufika milimita 5. Kutoka sentimita 2.5 hadi 2.8 ni tofauti ya upimaji tu. Kutoka 2.5 hadi 3.1 ni ukuaji, na upasuaji unafaa kufikiriwa. Watoto, wajawazito na wenye chini ya miaka 40 wasisubiri foleni hii: kwao uwezekano wa ugonjwa mbaya ni mkubwa zaidi, wachunguzwe haraka.

Tezi zote mbili zikivimba

Hapa swali hugeuka: je, homoni inapungua? Kifua kikuu hupenda tezi hizi. Thomas Addison alipoeleza ugonjwa unaobeba jina lake mwaka 1855, kilikuwa miongoni mwa visababishi alivyovikuta, na kwetu bado kimo juu kwenye orodha, pamoja na fangasi, limfoma, saratani iliyosambaa na kuvuja damu. Mgonjwa hukonda, hutamani chumvi, presha hushuka anaposimama, fizi na mistari ya viganja huwa myeusi. Pima kortisoli ya saa 2 asubuhi pamoja na ACTH. Kortisoli chini ya 140 nmol/L na ACTH ikiwa juu sana inatosha kuanza matibabu. Ikiwa katikati, kipimo cha Synacthen (ACTH ya kutengenezwa) maikrogramu 250 kitaamua. Ongeza 17-OH projesteroni, maana ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi hizi huweza kuonekana ukubwani kama uvimbe pande zote mbili. Na kama unashuku kifua kikuu cha tezi, pima kortisoli kabla ya rifampisini: dawa hiyo huharakisha kuchomwa kwa kortisoli, na mtu mwenye akiba ndogo anaweza kuzimia wiki za mwanzo za dozi.

Baada ya upasuaji wa uvimbe uliokuwa ukitoa kortisoli, hata kwa kiasi kidogo, tezi iliyobaki huwa imelala. Mgonjwa hupewa haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) miligramu 100 kwenye mshipa wakati wa upasuaji, kisha vidonge vya jumla ya miligramu 15 hadi 25 kwa siku, sehemu kubwa asubuhi. Pasipo nayo, prednisoloni miligramu 3 hadi 5. Kuamka kwa tezi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Muda wote huo, homa ikimpata anaongeza dozi mara mbili. Akitapika na vidonge havikai, aende kituo cha afya kilicho karibu achomwe haidrokotisoni miligramu 100 saa hiyohiyo, kabla ya kusubiri vipimo.